Maelezo ya kifurushi: kuijua programu kabla ya kuishusha

Kwenye Linux (mfumo wa kuendeshea kompyuta) za ukoo wa Debian, Ubuntu ikiwemo, kifurushi ni programu iliyofungwa pamoja na taarifa zake: jina, toleo, ukubwa, na vifurushi vingine inavyovitegemea. Maelezo ya kifurushi ni ile sehemu ya taarifa hizo inayosema programu inafanya kazi gani. Huandikwa na mtunzaji wa kifurushi. Kwanza huja muhtasari wa mstari mmoja, ambao sera ya Debian inataka usifikie herufi 80, kisha ufafanuzi mrefu zaidi.

Amri zote hapa huandikwa kwenye terminal, dirisha la kuandikia amri; apt ndicho chombo cha kusimamia vifurushi, na sudo huipa amri ruhusa ya msimamizi. Ukiandika `sudo apt update`, kompyuta hushusha orodha ya vifurushi pamoja na maelezo yao na kuiweka ndani ya `/var/lib/apt/lists`. Programu zenyewe hazishuki. Hapo waweza kuzima data na kusoma upendavyo, na kwa mwanafunzi wa Tudor au Kisauni, Mombasa, anayenunua bando la siku, hilo si jambo dogo.

Tuseme wataka programu ya kukisia maji kujaa na kupwa. Andika `apt search tide`. Utaiona xtide, lakini pia vifurushi vya wanabiolojia visivyohusu bahari hata chembe, kwa sababu amri hutafuta herufi hizo popote, hata ndani ya neno peptide. Ongeza neno la pili, `apt search tide prediction`, nayo itadai yote mawili yawepo. Ukitafuta bamvua hupati kitu, maana maelezo mengi ni ya Kiingereza. Debian ina mradi wa kuyatafsiri, na natamani sana Waswahili wenzangu waingie humo.

Ukishapata jina, `apt show xtide` hufungua maelezo kamili. Usiishie kwenye muhtasari. Takwimu za bandari za xtide zimo katika kifurushi cha pili, xtide-data, kwa hiyo soma maelezo ya hicho nacho ujue ni za pwani zipi kabla ya kutarajia kuikuta Kilindini. Tazama pia Download-Size, yaani ukubwa wa kushushwa, ila kumbuka kwamba hicho ni kipimo cha kifurushi kimoja tu. Kikihitaji vingine, `sudo apt install` itakutajia jumla yote na kukungoja ukubali. Ukiona bando halitoshi, jibu n, yaani hapana.

Asiye na neno la kutafutia naye ana njia: `apt-cache search . | less` humwaga majina yote na mihtasari yao, ukurasa baada ya ukurasa. Debian 12 ya mwaka 2023 ilitoka na vifurushi zaidi ya 64,000, basi bonyeza / uandike neno ili uruke mbele, na q ukichoka. Wenye Fedora, Linux isiyo ya ukoo wa Debian, hutumia `dnf search` na `dnf info`.