HPV inamkamataje mlinzi wa seli? Majibu ya maswali ya kina mama

Jumamosi hapa Dodoma kina mama waliokuja kupima kansa ya mlango wa kizazi waliniuliza maswali magumu kweli, nayajibu hapa na wengine msome.

Swali: HPV, kirusi kinacholeta kansa hii, kinaingia kwenye seli, sasa kansa inatokaje?
Jibu: Seli ina mlinzi, protini inaitwa p53, vinasaba vikiharibika anaisimamisha seli isizaliane au anaiua kabisa. HPV aina ya 16 na 18 zina protini ndogo inaitwa E6, na peke yake haimuwezi huyo mlinzi, kwa hiyo inaanza kumshika mfanyakazi mwingine wa seli, E6AP, wakishakuwa wawili ndo wanambana p53 wanambandika alama ya takataka, halafu seli yenyewe inamsaga. Uhuni mtupu.

Swali: Wanasayansi walijuaje E6 na E6AP zinashikania wapi?
Jibu: Hapa ndo napapenda. Si mnayaona malori ya Singida, kichwa na tela? Ukitaka kujua tela linashikwa na nini, fungua kimoja kimoja mpaka liachie. Nao waliikata E6AP vipande, kila kipande wakakichanganya na E6, kisichonasa pembeni, wakabaki na kipande kifupi chenye lusini tatu, lusini ni aina ya amino asidi, yaani tofali la kujengea protini. Wakibadilisha lusini hizo, E6 inaachia. Hiyo ndo pini yenyewe. Mwaka 2016 ikatoka picha ya eksirei ya fuwele, yaani protini zilizogandishwa zikajipanga kama chembe za chumvi, E6, kipande cha E6AP na cha p53 vimeng'ang'aniana.

Swali: Kwa hiyo chanjo ya HPV ya mabinti inaichomoa hiyo pini?
Jibu: Hapana, wengi wanachanganya hapo. Chanjo inaufundisha mwili kulitambua gamba la nje la kirusi, kinazuiwa kabla hakijaingia. E6 ikishaanza kazi ndani chanjo haiifikii, ndo maana wanachanjwa wa miaka 9 mpaka 14, dozi moja tu, bure.

Swali (bibi mmoja wa Chamwino): Na sie tulioshazaa?
Jibu: Shikamoo bibi. Nyie ni kupimwa. Nesi anapaka asidi ileile iliyomo kwenye siki ya kachumbari, anasubiri kama dakika moja, penye seli zilizoanza kubadilika panakuwa peupe. Weupe sio lazima iwe kansa, mara nyingi panagandishwa au panachomwa kwa joto siku hiyohiyo, unarudi nyumbani.