Programu ya elimu darasani ni kitu gani, na darasa la watoto 60 linaitumiaje

Programu ya elimu ni programu ya simu au tableti iliyotengenezwa ili mtu ajifunze jambo fulani: kusoma silabi, kulinganisha sehemu, kuchora mstari wa hesabu, kuelewa moyo unavyosukuma damu. Ikiingia darasani inapata sharti la pili. Lazima ikae ndani ya somo ambalo mwalimu ameliandaa, iwe na muda wake wa kufunguliwa na muda wake wa kufungwa. Mtoto anayecheza mchezo wa kujumlisha jioni nyumbani kwao mtaa wa Panzi anajifunza, hakuna ubishi, ila hayo si matumizi ya darasani.

Mwalimu wa hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ana njia nyepesi ya kulipima jambo hili. Fishi ya maandalio anayoijaza kwa kila somo ina mstari wa vifaa vya kufundishia, pale anapoandika rula, ramani, maharagwe ya kuhesabia, picha ya mmea. Programu inaandikwa mstari huohuo. Ikiwa imepanda hadi mstari wa lengo, yaani somo lina lengo la “kutumia tableti”, basi somo limepotea kabla halijaanza. Lengo ni mtoto aweze kusema kati ya 1/4 na 1/8 ipi kubwa na kwa nini. Tableti ni njia mojawapo ya kufika huko, na siku nyingine kipande cha mkate kinatosha.

Ukiuliza wazazi shule inatumia programu gani, wengi watakutajia WhatsApp. Kuna kundi la darasa, direkta (mkuu wa shule) anatuma matangazo, mwalimu anapiga picha ubao, mtu anarusha PDF ya maswali ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, ya miaka iliyopita. Inasaidia, hasa siku ambazo shule zimefungwa na watoto wako nyumbani. Lakini WhatsApp ni njia ya kupelekeana vitu. Haijui mtoto amekosea wapi na haina swali jingine la kumpa. Kwa upande wa pili, kuna vitu vya kawaida kabisa kwenye simu, ambavyo hakuna aliyeviita vya elimu, vinavyoweza kufanya kazi nzuri darasani. Kinasa sauti ni kimojawapo: mwalimu wa darasa la pili anamrekodi mtoto akisoma aya moja mwezi wa tisa, anamrekodi tena aya hiyohiyo kabla ya Noeli, kisha anamsikilizisha zote mbili. Mtoto anajisikia mwenyewe alivyokuwa akikwama kwenye kila neno, na mzazi akiitwa hahitaji kuelezwa mengi.

Programu zenyewe ziko za aina nyingi, nami sitazipanga zote. Ninazozipenda ni zile zinazomfanya mtoto ajaribu kitu na kuona kinachotokea. GeoGebra ni ya aina hiyo. Ilianzishwa na Markus Hohenwarter huko Salzburg, Austria, mwaka 2001, haina malipo kwa matumizi ya shule, na ikishawekwa kwenye simu haidai intaneti. Mwalimu wa sekondari anaandika y = ax + b. Programu inamtengenezea vidude viwili vya kusogeza kwa kidole, kimoja cha a na kingine cha b. Akisogeza a kutoka 1 kwenda 3, mstari unasimama zaidi. Akipita 0 na kuingia kwenye hasi, mstari unageuka na kuanza kushuka kuelekea kulia. Akigusa b, mstari mzima unapanda au kushuka bila kubadili mwinamo wake. Ubaoni kazi hiyo ni kuchora mistari sita, kufuta, kuchora tena, na nusu ya kipindi imekwenda na vumbi la chaki. Ila ufundi wa kufundisha uko kwenye jambo ambalo programu haifanyi: kabla hajasogeza kidole, mwalimu anasimama na kuuliza, “Nikiweka a kuwa -2, mstari utaelekea wapi? Kila mtu achore kwenye daftari lake kwanza.” Hapo watoto wanabisha, wanachora, ndipo skrini inaamua. Bila swali hilo wanatazama sinema tu.

Kwa fizikia kuna PhET, mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwaka mmoja baada ya kupata Tuzo ya Nobel. Mwanafunzi anaunganisha betri, waya na balbu kwenye skrini, na akiunganisha vibaya betri inawaka moto palepale, bila kumuunguza mtu. Shule ngapi za Kadutu na Bagira, komuni za hapa Bukavu, zina maabara yenye betri na balbu za kutosha kila kikundi? Ndiyo maana hata simu moja inayopita kikundi hadi kikundi ina maana kwao.

Sasa tuje kwenye suala la mtandao, maana hapo ndipo mipango mingi ya mijini kwetu inapokwama. Kuna programu zinazofanya kazi wakati simu imeunganishwa tu, na kuna zile ambazo zikishapakuliwa zinajitegemea. Kwa mwalimu anayenunua mega (data ya intaneti) kwa pesa yake mwenyewe, tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya somo moja na jingine. Video ya dakika kumi ikitazamwa na simu 15 kwa pamoja inamaliza mega za wiki nzima. Programu zinazojitegemea zinatumika kama tunavyofanya na maji: siku bomba linapotoka unajaza bidoni zote, kisha unaishi nazo.

Kiwix, iliyoanza mwaka 2007, ni mfano mzuri. Inakuwezesha kuchukua Wikipedia nzima, ya Kiswahili au ya Kifaransa, au Vikidia, ensaiklopidia ya Kifaransa iliyoandikwa kwa ajili ya watoto, ukaiweka kwenye simu kama faili moja na kuisoma bila mtandao wowote. Faili lenyewe linahamishwa kutoka simu hadi simu kwa Xender au kwa kadi ya kumbukumbu, kama vijana wanavyohamishiana miziki. Kolibri, ya shirika la Learning Equality, inaenda mbali zaidi. Kompyuta moja, hata ile ndogo ya kiganjani iitwayo Raspberry Pi, inajazwa masomo mahali penye intaneti nzuri, tuseme chuoni au ofisini kwa rafiki. Kisha inapelekwa shuleni, inawashwa, na inatoa Wi-Fi yake yenyewe. Simu na tableti za darasani zinaunganishwa nayo na kufungua masomo kana kwamba ziko mtandaoni. Ndani yake unakuta mazoezi ya Khan Academy kwa Kifaransa na hadithi za African Storybook, zikiwemo za Kiswahili, na mwalimu anaona nani amemaliza zoezi na nani amekwama kwenye swali la nne.

Umeme ni habari nyingine. Mabwawa ya Ruzizi yako hapa mlangoni, na bado SNEL, shirika la umeme la taifa, inakata. Shule inayotegemea programu kwa kipindi cha saa nne asubuhi inapaswa kujua vifaa vimechajiwa wapi usiku uliopita, na nani alivilinda. Paneli ndogo ya sola na betri hutatua sehemu ya tatizo. Kabati lenye kufuli hutatua sehemu nyingine, na katika bajeti watu hulisahau.

Tangu elimu ya msingi ya serikali ifanywe bure mwezi wa tisa mwaka 2019, madarasa yamejaa. Mtu anayeeleza programu za elimu kwa kuchukulia kwamba kila mtoto ana kifaa chake anazungumzia shule nyingine, si zetu. Kahoot, mchezo wa maswali uliotoka Norway, ni wa namna hiyo: kila mtoto au kila kikundi kinahitaji kifaa na intaneti. Plickers imelitatua suala hilohilo kwa akili zaidi. Simu ni moja tu, ya mwalimu. Kila mtoto anapewa karatasi iliyochapwa mchoro wa miraba myeusi, na kila mchoro ni tofauti na wa jirani. Pande zake nne ni A, B, C na D. Swali linasomwa, mtoto anainua karatasi huku herufi ya jibu lake ikiwa juu, na mwalimu anapitisha kamera ya simu mbele ya darasa kama anayepiga video ya harusi. Simu inasoma karatasi zote na kumwonyesha nani amejibu nini. Seti kubwa ya karatasi ina 63, kwa hiyo hata darasa letu linaingia.

Tuseme swali ni lile la 1/4 na 1/8, na simu ikaonyesha kwamba watoto 35 kati ya 60 wamesema 1/8 ni kubwa zaidi. Kwa kuinua mikono mwalimu asingejua, kwa sababu darasani kwetu mikono hufuata mkono wa yule mwenye akili anayekaa mbele. Hapa hawawezi kuigana kwa urahisi. Mwalimu amejua ndani ya dakika mbili kwamba wengi wanaisoma 8 kama namba ya kawaida, na kwamba asiendelee na kujumlisha sehemu leo. Anaifunga simu, anakata karatasi moja vipande vinne na nyingine vinane ili waone. Kipindi kinachobaki hakina teknolojia yoyote, na ndicho kilichofaidika nayo zaidi.

Kuna faida nyingine inayotajwa sana: programu inayompa kila mtoto swali la kiwango chake. Hiyo ina ushahidi. Huko Delhi, India, programu iitwayo Mindspark ilijaribiwa na wanafunzi katika vituo vya masomo ya baada ya shule, na utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba walisonga mbele sana katika hesabu na Kihindi kwa miezi minne na nusu tu. Wengi wao walikuwa nyuma ya darasa lao kwa miaka kadhaa, na programu iliwarudisha pale walipokwama badala ya kuwakimbiza na kitabu cha mwaka. Karibu zaidi na sisi, mkoani Tanga, Tanzania, watoto karibu 3,000 wa vijiji 170 walipewa tableti zenye programu za kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Yalikuwa mashindano ya Global Learning XPRIZE, na mwezi wa tano mwaka 2019 washindi wawili, onebillion ya Uingereza na Kitkit School, waligawana dola milioni 10. Programu zote tano zilizofika fainali ziliachwa wazi ili yeyote azichukue na kuzibadilisha.

Kuzibadilisha ni jambo la kuzingatia, kwa sababu Kiswahili cha Tanga si hiki cha Kadutu. Mtoto wa hapa anaandika kwa biki, na pesa ya sokoni anaihesabu kwa Kifaransa. Akisikia sauti ya programu ikisema “ishirini na saba” anaweza kusita, ingawa kwa Kifaransa namba hiyo anaijua vizuri. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inazipa lugha za taifa nafasi katika shule ya msingi, kwa hiyo programu ya Kiswahili ina haki yake darasani. Mwalimu aisikilize yote mwenyewe kwanza, aorodheshe maneno yatakayowakwamisha watoto wake, na ayafundishe dakika tano za mwanzo.

Ushahidi wa upande wa pili upo pia. Mradi wa laptopu moja kwa kila mtoto, uliotangazwa na Nicholas Negroponte mwaka 2005, ulipeleka mashine zaidi ya 800,000 nchini Peru, na jirani zetu wa Rwanda nao waliziingiza mashuleni. Tathmini iliyofanywa Peru na kutolewa mwaka 2012 haikuona mabadiliko katika hesabu wala lugha. Vifaa vilifika, ila jinsi ya kufundisha haikubadilika sana. Kwa maoni yangu mfadhili anayekuja Bukavu na maboksi ya tableti angeulizwa kwanza swali moja: wiki ngapi za mafunzo kwa walimu zimo ndani ya maboksi hayo?

Na je, si shule zetu zinakataza simu? Nyingi zinakataza, na zina sababu: ukimwachia mtoto simu bila kazi, dakika ya pili yuko kwenye TikTok. Hata Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2018 ya kuzuia simu katika shule za msingi na za kati, lakini sheria hiyohiyo iliacha mlango kwa matumizi ya kufundishia. Hakuna mgongano hapo. Simu ya mtoto inabaki nyumbani au kwa direkta. Ya mwalimu, au tableti za shule, zinatoka kabatini kwa somo lake na kurudi.

Kabla ya kuileta programu mpya mbele ya watoto, mwalimu anaweza kuijaribu jioni akiwa peke yake. Azime data, aifungue. Ikikataa kufunguka, ameokoa kipindi cha kesho. Ikifunguka, awashe data na atazame matangazo yanayojitokeza, maana programu nyingi za bure hujilipa kwa matangazo, na hapa kwetu mara nyingi ni ya kubeti. Kisha aangalie inaomba ruhusa gani. Programu ya kufundisha alfabeti inayotaka kusoma majina yote ya kwenye simu na kujua ulipo haina sababu ya kuyataka hayo, na za alfabeti ziko nyingi za kuchagua.