Huo Si Mtoto wa Jicho

"Daktari, huyu ana mtoto wa jicho." Wiki hii nimeambiwa hivyo mara nne na watu walioniletea vitoto vya paka, na mara zote nne nimeonyeshwa kitu kile kile: utando mweupe uliotokeza kwenye pembe ya jicho, upande wa pua. Huo ni ukope wa tatu. Kila paka anao. Mtoto wa jicho hukaa ndani kwenye lenzi, nyuma ya mboni, na kwa vitoto vya paka ni nadra. Ukope wa tatu uko nje. Hukinga konea, yaani sehemu angavu ya mbele ya jicho, na kutandaza machozi, na tezi yake hutoa sehemu ya machozi hayo.

Jina likikosewa, tiba nayo hukosewa. Wapo wanaousugua kwa pamba wakidhani ni uchafu. Wapo wanaoniomba niukate. Siukati! Ukiondolewa na tezi yake, jicho linaweza kukauka maisha yote.

Na kisa chenyewe mara nyingi hakiko jichoni. Jicho la paka limeegemea mafuta yaliyo nyuma yake. Akikonda au akipungukiwa maji, jicho huzama na ukope husogea mbele. Kwa hiyo macho yote mawili yakifunikwa, mimi naanza na tumbo. Juzi nililetewa kitoto cha wiki saba, tumbo limejaa kama mpira, ufizi umepauka, na ngozi ya shingo nikiivuta inachelewa kurudi. Minyoo na kuhara. Siku tano alikuwa anatiwa matone ya macho, na siku hizo tano ndizo alizozidi kuishiwa maji. Jamani, dawa ya minyoo ianze akiwa na wiki tatu, irudiwe kila wiki mbili hadi aachishwe ziwa. Mwili ukipata nguvu, ukope hurudi wenyewe. (Akiwa ndiyo kwanza anaamka usingizini na ukaonekana kidogo, mwache, utajirudisha.)

Likiwa jicho moja tu, analifumba na linatoa machozi, hayo ni maumivu: kucha ya nduguye, kitu kilichoingia, kidonda cha konea. Mlete siku hiyo hiyo.

Matone yaliyobaki ya mtu wa nyumbani msiyaguse. Baadhi yana deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe, na kwenye kidonda cha konea dawa hiyo huchelewesha kupona. Jicho linaweza kutoboka. Mimi hutia kwanza rangi inayoonyesha kidonda, ndipo naandika dawa.

Maziwa na chai ya rangi havitibu jicho. Tongotongo lainisha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kila jicho na pamba yake, lakini hapo umesafisha tu. Kama anapiga chafya pia, huenda ni mafua ya paka, yanayoletwa sana na virusi vya herpesi, nayo huambukiza ndugu zake wote kwenye boksi. Macho ya buluu si upofu. Rangi hubadilika kwa wengi kuanzia wiki ya sita au ya saba.

"Hajafungua macho, tusubiri." Hapana. Macho hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14. Kope zikivimba kabla ya hapo, huenda usaha umejaa ndani, na kila siku unayongoja, usaha huo unaila konea. Usizibandue kwa kucha. Mlete, nitazifungua mimi.