Kosa huanzia kwenye kiini, si kwenye ndoo ya maji

Kila nikirudi nyumbani Mwanza naulizwa kuhusu mimba zinazotoka. Mama wa mtaa wa Bugarika akipoteza mimba changa, anabanwa: si ulipanda mlima na ndoo kichwani? Kazi yangu ni kutazama viinitete, yaani mimba katika siku zake za kwanza kabisa, kwa darubini, na maneno hayo yananiuma. Takriban nusu ya mimba zinazotoka miezi mitatu ya mwanzo zina hitilafu ya kromosomu, vile vifurushi vya vinasaba ndani ya seli, na mara nyingi hitilafu hiyo ilikuwepo kabla mama hajajua kuwa ana mimba.

Saa 16 hadi 18 baada ya yai kurutubishwa maabara, naona ndani yake viini viwili vya duara vimekaa ubavu kwa ubavu. Kimoja cha mama, kimoja cha baba, kila kimoja kromosomu 23. Nikihesabu vitatu, mara nyingi mbegu mbili zimeingia yai moja. Kiinitete cha namna hiyo hatukipandikizi.

Siku ya pili ndiyo inayonikalisha kwenye darubini. Seli sasa ni mbili, kisha nne, na kila moja inatakiwa kiini kimoja. Mara naona seli yenye viini viwili, au kiini kikubwa chenye kidogo pembeni. Kile kidogo mara nyingi ni kromosomu iliyochelewa: nyuzi za seli zilipozivuta nyingine pande mbili, yenyewe ilibaki njiani, ikazungukwa na utando wake peke yake. Siku hizi za mwanzo kiinitete kinaishi kwa akiba iliyowekwa kwenye yai. Jeni zake zenyewe zinaamka kwa nguvu kwenye seli nne hadi nane, na ukaguzi wa seli yenyewe kwamba kromosomu zimegawanyika sawasawa bado ni legevu.

Hata hivyo, viini viwili kwenye seli havinifanyi nikate tamaa. Viinitete vingi vya aina hii hujirekebisha vinapoendelea kugawanyika, na watoto wenye afya wamezaliwa kutokana navyo. Kama kipo kingine kizuri zaidi natanguliza hicho. Kama hakipo, hiki nakitunza.

Makosa mengine ni ya yai lenyewe. Mayai ya mwanamke huanza kutengenezwa akiwa bado tumboni mwa mama yake, na protini zinazoshikanisha kromosomu hulegea kadiri miaka inavyopita, hasa baada ya 35. Kromosomu namba 16 zikiwa tatu badala ya mbili, mimba karibu zote hutoka.

Mimba zikitoka mara mbili au zaidi, mama na baba wote wawili wanaweza kupimwa kromosomu kwa damu. Mzazi mzima kabisa anaweza kubeba kromosomu zilizobadilishana vipande, na mzazi huyo anaweza kuwa baba.