Kadi kali si lazima iingie kwenye kyubu yako

Toleo jipya la mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering likitoka, wengi hukimbilia kadi inayotamba kwenye mashindano na kuitia kwenye kyubu, yaani ule mkusanyo unaoupanga mwenyewe kwa ajili ya kudrafti na wenzako: kila mmoja huchagua kadi moja moja kutoka humo, kisha huunda deki yake ya kuchezea. Wanadhani kadi kali ni kali popote. Sivyo. Kwenye mashindano mchezaji hujaza nakala 4 katika deki ya kadi 60, na zinazobaki kazichagua makusudi ziibebe. Kwenye kyubu, kwa kawaida, nakala ni 1 tu.

Chukua Tendrils of Agony. Humpunguzia mpinzani uhai 2, kisha hujinakili kwa kila kadi ya uchawi iliyotangulia zamu hiyo. Bila za kuichochea, unalipa mana 4 (nguvu ya kuchezea kadi) kwa pointi 2. Aibu tupu! Tena watu 8 hudrafti kadi 360. Kyubu ikiwa na 540, kila kadi ina nafasi 2 kati ya 3 ya kufika mezani. Lightning Bolt haijali hayo: mana 1, madhara 3, deki yoyote ya kadi nyekundu inaitaka.

Mimi huuliza kwanza kadi ipi ya zamani itaipisha mpya. Nikikosa jibu, mpya inasubiri.