Mashine pepe na kufuli lililolala

Neno pepe liliingia katika Kiswahili cha kompyuta kwa mlango wa barua pepe, na tangu hapo limeendelea kubeba kila kitu kisichoshikika kwa mkono. Kwa mtu wa Unguja au Pemba aliyepata kukaa na ungo mapajani wakati wa mavuno ya mpunga, neno hilo lina maana nyingine inayoweza kumpotosha: pepe ni punje isiyo na kitu ndani, ile inayopeperuka ukipepeta na kuziacha nzito zikibaki chini. Vijana ninaowafundisha hapa Unguja huanza na fikra hiyo, kwamba mashine pepe ni ganda tupu, picha ya kompyuta tu. Sivyo. Mashine pepe ni kompyuta kamili kwa kila kipimo ambacho programu iliyomo ndani yake inaweza kukitumia, isipokuwa kimoja, nacho ni muda. Utafiti mwingi unaounganisha mashine pepe na mifumo ya shughuli sambamba unazunguka hapo hapo.

Tuanze na kilichopo mezani. Kompyuta mpakato moja yenye prosesa nne na gigabaiti 8 za kumbukumbu inaendeshwa na Linux, ambayo ni mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiongoza kompyuta nzima. Mwanafunzi anafungua dirisha, na ndani ya dirisha hilo inawaka Linux nyingine tangu mwanzo: inapima kumbukumbu yake, inaitafuta diski yake, inaikuta kadi ya mtandao, inaziorodhesha prosesa zake nne. Hakuna hata kimoja katika vitu hivyo kilicho chake kweli. Diski ni faili lililowekwa katika diski halisi, kadi ya mtandao ni programu inayojibu kama kadi, na kila prosesa ni zamu tu, yaani kipande cha muda ambacho prosesa halisi inakitoa kisha inakichukua tena. Baina ya mgeni huyo, yaani Linux ya ndani ya dirisha, na chuma chenyewe amekaa msimamizi, ambaye wataalamu humwita haipavaiza, na kwenye kompyuta hii ni KVM. Yeye ndiye mgawa zamu. Mwanafunzi akifungua dirisha la pili lenye mashine pepe nyingine ya prosesa nne, prosesa nane zinaaminika kuwepo pahala penye nne.

Anayezijua nyumba za Mji Mkongwe hatashangazwa na mpango huu. Nyumba iliyojengwa kwa familia moja ya mfanyabiashara leo inakaliwa na familia kadhaa, kila moja na mlango wake, kila moja ikisema "kwangu", ilhali paa, ngazi na birika la maji ni vya wote. Mfano huu una mpaka wake: wapangaji husikiana kupitia dari na kuta, wakajua fulani yumo au katoka, lakini mashine pepe haimjui jirani yake kabisa. Hiyo ndiyo sifa yake kubwa, na ndiyo asili ya taabu yake.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko kompyuta ndogo tunazozijua. Wahandisi wa IBM mjini Cambridge, Massachusetts, kufikia 1967 walikuwa wakiendesha mfumo wa CP-40, uliompa kila mtumiaji kompyuta yake pepe ndani ya mashine moja kubwa, na mwaka 1972 kampuni hiyo ikatangaza VM/370 kwa wateja wake. Miaka miwili baadaye Gerald Popek na Robert Goldberg waliyaandika masharti ya kazi hiyo kwa lugha ya hesabu: programu iendeke ndani ya mashine pepe sawa na ambavyo ingeendeka juu ya mashine halisi, msimamizi asipoteze kamwe mamlaka juu ya rasilimali, na sehemu kubwa ya amri zipite moja kwa moja kwenye prosesa bila yeye kuzigusa. Katika sharti la kwanza waliweka kando jambo moja kwa uangalifu, wakisema kwamba usawa huo hauhusu tofauti zinazotokana na muda wala zile zinazotokana na uhaba wa rasilimali. Kwangu mimi hakuna kauli yenye uzito kuliko hiyo katika maandishi yao yote.

Walionesha pia namna ya kuitambua mashine inayokubali kugawiwa hivyo: kila amri inayogusa hali ya mashine nzima sharti inaswe inapotolewa na asiye na mamlaka, ili msimamizi aitekeleze kwa niaba yake. Prosesa za jamii ya x86, zilizomo katika kompyuta nyingi za mezani na mpakato, hazikutimiza kanuni hiyo; uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000 ulihesabu amri 17 za Pentium zilizoikiuka. Kampuni ya VMware, iliyoanzishwa 1998, ilikivuka kikwazo hicho kwa kuzitafsiri amri papo hapo kabla hazijatekelezwa, hadi Intel na AMD, watengenezaji wa prosesa hizo, zilipoweka msaada ndani ya prosesa zenyewe mwaka 2005 na 2006.

Watu husahau kwamba kilichowarudisha watafiti kwenye mashine pepe ni wingi wa prosesa. Katika Chuo Kikuu cha Stanford, Edouard Bugnion, Scott Devine na Mendel Rosenblum walikuwa wakizifikiria mashine kubwa za prosesa nyingi, ambazo mifumo endeshi ya kawaida ya wakati ule haikujua kuzitumia vyema, na kuibadilisha ilikuwa kazi kubwa ya miaka. Mwaka 1997 walichapisha Disco, safu nyembamba ya usimamizi iliyoigawa mashine kubwa katika mashine pepe kadhaa, kila moja na mfumo endeshi wake. Kwa hiyo mashine pepe na shughuli sambamba zilikutana mapema, na tatizo lao likaja nyuma yao.

Mfumo wa shughuli sambamba ni ule ambao kazi kadhaa zinakwenda kwa pamoja na kugusa vitu vya pamoja. Mwaka 1965 Edsger Dijkstra alieleza namna ya kuhakikisha kwamba kazi mbili haziingii kwa wakati mmoja mahali panapopaswa kuingiwa na moja tu, na chombo cha kila siku cha kutimiza hilo ni kufuli. Ndani ya mfumo endeshi makufuli mengi ni ya aina ambayo anayengoja haendi kulala: anauliza kama limefunguliwa, anauliza tena, maelfu ya mara, bila kuiachia prosesa. Huo waonekana kuwa upotevu, lakini una busara yake, maana kufuli kama hilo hushikwa kwa mikrosekunde chache tu, na kulala kisha kuamshwa kungegharimu zaidi ya kungoja. Busara hiyo, hata hivyo, imeegemea jambo ambalo waandishi wa programu hawakuwa na sababu ya kulitilia shaka: kwamba aliyeshika kufuli yuko macho na anaendelea na kazi yake.

Ndani ya mashine pepe tegemeo hilo huvunjika. Msimamizi hagawi zamu kwa kuyatazama makufuli ya wageni, kwa kuwa hayaoni. Zamu ikiisha, prosesa inaondolewa, hata kama mgeni yuko katikati ya kazi na kufuli liko mkononi mwake. Ni sawa na mpangaji aliyeingia kwenye birika la nyumba na kujifungia achote ndoo moja, usingizi ukamchukua papo hapo na ufunguo kiganjani, nje wenzake wamejipanga wakigonga. Katika Xen, msimamizi mwingine wa kazi kama ya KVM, zamu ya kawaida ilikuwa milisekunde 30. Kufuli lililokusudiwa kushikwa kwa mikrosekunde 10, aliyelishika akinyang'anywa prosesa na kungoja zamu moja tu ya mwingine, litakaa limefungwa mara 3,000 ya muda uliokusudiwa. Nao wanaogonga mlango hawagongi bure, kwani kila mmoja anateketeza zamu yake kwa kuuliza, na zamu hizo hizo angepewa aliyelala angemaliza kazi na kufungua. Volkmar Uhlig na wenzake wa Chuo Kikuu cha Karlsruhe walilichambua tatizo hili mwaka 2004.

Lililofuata linaumiza zaidi, kwa sababu lilitokana na nia njema. Mwaka 2008 Linux iliyafanya makufuli yake kuwa ya nambari: anayefika anachukua nambari, na anayepita ni mwenye nambari inayofuata. Leslie Lamport alikuwa amependekeza utaratibu wa namna hiyo mwaka 1974 kwa mfano wa wateja wa duka la mikate, nasi tunaujua kutokana na foleni za hospitali. Juu ya chuma halisi ulileta haki iliyokosekana. Ndani ya mashine pepe uliongeza maradhi, kwa kuwa sasa hata kufuli likiwa wazi, mwenye nambari 14 akiwa amenyang'anywa prosesa, wa 15, wa 16 na wa 17 hawaruhusiwi kupita. Daktari amekaa, chumba kitupu, mlango wazi, na watu wote wako kwenye benchi wakimngoja mgonjwa aliyetoka kuswali. Haki ya foleni inataka kila aliyemo kwenye foleni awepo.

Dawa ya kwanza ilikuwa tayari imeandikwa: mwaka 1982 John Ousterhout alionesha faida ya kuzipa prosesa kwa wakati mmoja kazi zinazotegemeana. Msimamizi wa VMware aliifuata njia hiyo kwa ukali mwanzoni, kisha akailegeza, kwa sababu mashine pepe ya prosesa nne ilibidi ingoje hadi nne zote ziwe huru huku mbili au tatu zikikaa bure. Baadaye watengenezaji wa prosesa waliongeza uwezo wa kumtambua anayeuliza bila kukoma na kumrudisha kwa msimamizi. Dawa ninayoiamini zaidi ni ya kumwambia mgeni ukweli: akishauliza kwa muda fulani bila mafanikio, anaacha kuuliza, anamwomba msimamizi amlaze, na anayefungua kufuli anaomba mwenziwe aamshwe. Hapo usawa walioutaka Popek na Goldberg unalegezwa kwa makusudi, kwani mgeni sasa anajua kuwa ni mgeni.

Mwanafunzi mwenye madirisha mawili anaweza kuliona hili kwa macho yake. Azipe mashine pepe zote mbili kazi nzito, aandike amri ya top, inayoonesha kazi za kompyuta, ndani ya mojawapo, kisha ausome mstari wa matumizi ya prosesa hadi mwisho. Hapo zipo herufi mbili, st, zenye maana ya muda ulioibwa, pamoja na asilimia yake: sehemu ya muda ambayo mashine pepe ilikuwa na kazi mkononi na prosesa ilikuwa kwa jirani. Akilifunga dirisha la jirani, nambari hiyo itashuka hadi karibu na sifuri.