Vitabu vya kumsomea mtoto kabla mwanajeshi hajasafiri

Wazazi wanajeshi wanaokuja kwangu kabla ya kuondoka na kikosi huniuliza karibu swali lile lile: nimwambie nini mtoto wa miaka mitatu? Huwajibu kwamba maneno ya kumwambia ni machache tu, ila vitabu vya kumsomea vichaguliwe leo.

Mtoto wa umri huo hajui miezi sita ni kiasi gani. Anachokijua ni mfuatano wa siku yake: kuoga, kula, hadithi, kulala. Mzazi akiondoka, mfuatano huo huyumba, na asichoweza kukisema hukionyesha kwa tabia. Ataanza tena kukojoa kitandani, atakuwa na hasira, hatataka kubanduka kwa mzazi aliyebaki. Utafiti uliotolewa mwaka 2010 katika jarida la Pediatrics la Marekani uliangalia watoto wa wanajeshi wa miaka 3 hadi 8. Mzazi alipokuwa kazini mbali, watoto hao walipelekwa kwa matabibu kwa matatizo ya kiakili na kitabia kwa asilimia 11 zaidi.

Kusoma kwa sauti hakuzuii yote hayo. Lakini hadithi ile ile, kitandani pale pale, wakati ule ule, ni sehemu ya siku ambayo amri ya jeshi haiigusi. Ndiyo maana nasisitiza vitabu viwili au vitatu tu, vyenye picha kubwa na kibwagizo, visomwe tena na tena na yule anayesafiri. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex walionyesha mwaka 2011 kwamba watoto wa miaka mitatu hujifunza maneno mapya vizuri zaidi wakirudiwa hadithi zile zile kuliko wakisomewa nyingi tofauti. Kwa familia ya mwanajeshi kuna faida nyingine, na kwangu hiyo ni kubwa kuliko msamiati: kitabu hicho kikifunguliwa na mtu mwingine, mtoto bado anakumbuka baba anavyonguruma kwenye ukurasa wa simba.

Kisha rekodi video. Nchini Marekani, Betty Mohlenbrock alianzisha shirika la United Through Reading mwaka 1989. Mumewe, daktari wa jeshi la majini, alikuwa amerudi kutoka kazini na binti yao mdogo hakumtambua. Shirika huwarekodi wanajeshi wakisoma, na watoto hutazama nyumbani. Wewe simu yako inatosha. Rekodi kabla ya safari, usisubiri mtandao wa huko. Mtaje mtoto kwa jina, onyesha picha, uliza "bata amejificha wapi?" kisha nyamaza apate kujibu. Usitaje unakokwenda wala tarehe ya kurudi. Hilo ni suala la usalama wa kikosi, na pia tarehe ikisogezwa, mtoto ataona amedanganywa.

Mzazi aliyebaki, tafadhali usimwachie mtoto simu peke yake. Watoto wa chini ya miaka miwili hujifunza kidogo sana kwenye skrini bila mtu mzima pembeni. Mpakate, shikeni kitabu chenyewe, fungueni kurasa pamoja na sauti. Akilia, zima, mkumbatie, jaribu siku nyingine; kilio hicho ni hamu ya mzazi wake, si dalili kwamba rekodi inamdhuru. Zungumzia pia wahusika: "Dubu amekasirika. Kwa nini?" Mtoto asiyetaka kusema lolote kuhusu mama yake atakueleza mengi kuhusu dubu.

Mzazi akirudi, asidai kitabu siku ya kwanza. Mtoto anaweza kumkwepa, na inauma, lakini ni kawaida. Aketi karibu mwingine akisoma. Kesho yake asome kibwagizo tu, keshokutwa ukurasa mmoja. Wakiwa bega kwa bega, macho yote kwenye picha, mtoto halazimiki kumtazama usoni kabla hajawa tayari. Wengine huchukua wiki kadhaa kabla ya kumwachia asome kitabu kizima, na wiki hizo zisiharakishwe.